Mstari wa Nyuma na Kamera ya Nukta Milioni Sitini

Picha yenyewe ina watu thelathini na mmoja. Nimewahesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili wametoka thelathini na mmoja, ukimwacha mbwa. Niliipiga miaka kadhaa iliyopita kwenye kipaimara cha binti wa kwanza wa dada yangu, nyumbani kwa mama, juu ya Makumira, pale migomba na mibuni inapoanza kugombania nafasi. Mstari wa mbele walikaa kwenye viti vya plastiki, wa kati walisimama, wa nyuma walipanda juu ya benchi tuliloazima kanisani. Mstari wa nyuma walikuwa tisa.

Katika hao tisa, nimeshawakata watatu.

Kukata ni neno la kazini tu. Huku kwetu mtu mzima akifariki, mchungaji akishapigiwa simu, kinachofuata ni kutafuta picha. Picha ya kusimamisha mbele ya jeneza, ya msalaba, ya bango la getini, ya fulana za wajukuu, ya karatasi ya ratiba ya ibada. Na wazee wengi wa mlimani hawana picha za peke yao. Wana kitambulisho, ambacho kila mtu ametoka kama anatafutwa na polisi, halafu wana picha za kundi. Basi familia inashuka mpaka studio kwangu Ngarenaro na picha ya harusi au ya kipaimara, inaweka kidole juu ya kichwa kimoja na kusema, "Huyu." Mimi nakuza, nakata, nafuta waliomzunguka, namwekea anga la bluu nyuma, na jioni bango liko getini.

Wa kwanza alikuwa baba mkubwa, akatoka vizuri. Wa pili, jirani yetu, alizikwa na bega la mtu mwingine. Lilikuwa limempanda shavuni, nikashindwa kulifuta bila kumpunguza shavu. Mwenye bega alikuwepo mazishini. Alisimama mbele ya bango akalitazama bega lake muda mrefu, kisha akaondoka bila kula.

Wa tatu alikuwa shangazi. Wanawe walitaka bango la upana wa geti. Niliwaambia kamera yangu ya siku zile, tena kwa kichwa cha mstari wa nyuma, haifiki huko. Wakaniambia nisiwafundishe kumlilia mama yao. Nikakuza. Mwanawe mkubwa alipoliona bango alinivuta pembeni.

"Kaka, huyu ni mama yetu au ni uji?"

Ulikuwa uji.

Baada ya hapo ile picha ikapata sifa. Watu wa kule juu wakaanza kuiita "ile picha", bila kuongeza neno, na kila mmoja akajua ni ipi. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo. Ila nilihesabu: watatu, wote wa mstari wa nyuma, wote wa upande mmoja, na kila aliyefuata alikuwa amesimama karibu zaidi na mama yangu.

Mama yuko mwisho kabisa wa mstari huo, nusu ya uso imefichwa na kofia ya mjomba. Kilichobaki ni kidogo kama punje ya harage. Na hiyo ndiyo picha yake pekee niliyo nayo, mimi niliyelishwa na kamera kwa miaka kumi na minne. Peke yake hakubali kupigwa. Baba alipigwa peke yake mara moja, amekaa kwenye kigoda akiwa na koti, akacheka sana siku hiyo, na haukupita mwezi koti na kigoda vikawa msalabani. Tangu hapo mama anasema picha ya mtu mmoja ina kazi moja.

Halafu tangu masika alianza kupungua. Kwanza mikono ya gauni ikamlegea, kisha kola. Chakula anakisogeza pembeni ya sahani na kusema ni meno. Dada yangu alipomtajia hospitali alijibu, "Wale wakianza kutafuta, hawaachi mpaka wapate." Basi nilikuwa na mambo mawili kichwani, na yote nilikuwa nayaogopa. La kwanza, mama anaondoka. La pili, akiondoka, atatoka uji.

Ndipo mwenzangu wa Kijenge akanipigia. Huyu anawapigia watalii picha za wanyama, na alikuwa anaacha kazi anahamia kwa mkewe pwani. Alikuwa na kamera ya kampuni nyingine, si yangu, bodi moja, yaani kamera bila lenzi, na lenzi mbili. Alitaka tubadilishane: nimpe bodi yangu, lenzi zangu tano na flashi.

"Tano kwa mbili?" nikamwuliza. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake. "Kaka, hesabu ulisomea wapi?"

"Hesabu ya lenzi achana nayo. Hii ina nukta milioni sitini."

"Milioni sitini za nini? Unataka kila Mtanzania apate nukta yake?"

"Cheka tu. Tembo akiwa kilomita moja, nahesabu kope zake."

"Mimi sina wateja tembo."

"Wateja wako nawajua," alisema, na kicheko kikamwisha usoni. "Wamelala."

Nilimpa sababu zote za kukataa. Lenzi zangu haziingii kwenye bodi ya kampuni ile, zikiondoka zimeondoka. Mikono yangu imezoea vitufe vyangu, hata nikiwa nasinzia kwenye hotuba ya mshereheshaji vidole vinajua pa kwenda. Mafaili yale makubwa yangeiua kompyuta yangu, ambayo tayari inapumua kama mgonjwa. Na nyuma ya hizo kulikuwa na moja ambayo sikumtajia. Kamera niliyo nayo ilinitosha kwa harusi, vipaimara na ubatizo. Haikunitosha kwa kazi moja tu. Nikibadilisha, nitakuwa nimebadilisha kwa ajili ya kazi hiyo, na nitakuwa najua nimemnunulia nani.

"Kaa nayo mpaka Jumatatu," akasema. "Ukiipenda, lete mzigo wako. Usipoipenda, nirudishie hivyo hivyo, na usiniwekee alama za vidole vya pilau."

Jumapili hiyo binti wa pili wa dada yangu alikuwa anapata kipaimara. Nilipanda na kamera ya mwenzangu shingoni. Mlima ulikuwa umefunikwa tangu asubuhi. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba ya juu ya nyumba na likakaa hapo, halinyeshi wala haliondoki. Uani palikuwa na turubai, sufuria tatu za ndizi nyama, loshoro ya mahindi na mtindi kwa waliotaka baridi, na spika moja iliyokuwa inakoroma.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Nikamshika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo si kamera yako."

Hakuwa ameiangalia sekunde mbili. "Nimeazima," nikasema. "Najaribu."

"Inafanya nini ambacho ile haifanyi?"

"Inaona mbali."

"Mbali wapi?"

Nikasema inaona watu walio nyuma. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuangalia watoto wanaokimbizana.

Mpango wangu ulikuwa rahisi, na ulikuwa wa kijinga kama mipango yote ya mtu anayejiona mjanja. Nitapiga picha ya kundi. Mama hakatai kundi. Nitampata humo ndani, mzima, kwa nukta zangu milioni sitini, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi.

Baada ya chakula mshereheshaji akawaita watu wote kwenye picha. Kwa kawaida hapo ndipo vita huanza, kila mtu anataka kuwa karibu na binti mwenye gauni jeupe. Safari hii vita vilikuwa vya namna nyingine. Viti vya mbele vilijaa kabla sijamaliza kuvipanga. Wazee wawili, mmoja ana goti bovu, walipiga magoti kwenye nyasi mbele ya viti. Wengine walijibana mstari wa kati kama wanapanda lori. Benchi la nyuma likabaki tupu.

"Wanaume warefu nyuma tafadhali," nikasema.

Hakuna mrefu aliyejitambua.

"Leo unamkata nani?" mjomba akapaza sauti kutoka kwenye kiti. Ni yule yule wa kofia. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Mwanamke mmoja akamwondoa mtoto wake karibu na benchi.

"Mjomba, panda wewe uwaonyeshe."

"Mimi? Mimi goti."

"Goti lako lilikuwa zima wakati wa nyama."

"Lilikuwa linafuata nyama. Huko nyuma kuna nini cha kufuata?"

Nikawa natafuta maneno ya kuwasukuma, maana mshereheshaji alikuwa ameanza kuhesabu mpaka tatu peke yake. Ndipo mama akanyanyuka. Alivuka ua polepole, akiishika kanga yake kiunoni ambako haikutaka tena kukaa. Akakataa mkono wa dada yangu. Akapanda kwenye benchi na kusimama, peke yake, mstari mzima wa nyuma.

Wakwe wawili wakaona aibu, wakapanda, mmoja kila upande.

"Sogeeni," nikamsikia mama akiwaambia. "Mnanibana. Wewe nenda kule, na wewe kule."

Nikadhani ni joto, au ni uzee. Nikahesabu vichwa: arobaini na tatu. Nikahesabu tena: arobaini na nne, kwa sababu mmoja wa waliopiga magoti alikuwa ameinama kukohoa. Nikapiga fremu sita. Nikawaambia asanteni, na watu wakatoka mbele ya kamera haraka kuliko watu wanaowahi soda.

Niliondoka kukiwa bado na mwanga. Studio nilifungua mlango nusu, nikachomeka kadi kwenye kompyuta, nikasubiri. Ile kompyuta ilichukua muda wa kuoga mpaka kufungua fremu ya kwanza. Nikaenda moja kwa moja nyuma. Nikakuza, nikakuza tena. Kwa kamera yangu ningekuwa nimeshafika kwenye uji. Hapa nilizidi kuingia. Nikamwona mama.

Niliona mistari ya midomo. Niliona kovu dogo la kwenye nyusi, la kuni, ambalo nilikuwa nimelisahau. Niliona mashavu yalivyoingia ndani na mfupa wa shingo ulivyotoka, vitu ambavyo nilipokuwa nimemshika mkono mchana ule sikuviona, au nilikuwa naangalia pengine. Weupe wa macho yake haukuwa mweupe. Nikageuza rangi za kioo nikidhani ni kioo. Nikaangalia mashati ya watu wa mstari wa kati, yalikuwa meupe kabisa. Nikarudi kwenye macho. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.

Kisha nikaona kilichonifanya niondoe mkono kwenye kipanya. Kulia kwake palikuwa na nafasi ya kiganja kizima. Kushoto vile vile. Hakuna bega, hakuna kofia, hakuna kilemba cha mtu. Nyuma yake ukuta mweupe, kipande kile kati ya madirisha mawili ambacho hakina hata msumari. Watu wengine wote arobaini na watatu walikuwa wanaangalia pande zao, huyu mtoto, yule sahani. Mama alikuwa ameangalia katikati ya lenzi, kidevu kimenyanyuliwa kidogo, mdomo umefungwa, kama ninavyowaelekeza watu wa pasipoti.

Kwa miaka mingi nimekaa mezani kwake nikilalamika: mabega ya majirani, majani ya migomba nyuma ya vichwa, watu wasionyanyua kidevu. Nilidhani alikuwa anachambua mchele tu, hanisikii.

Nilimpigia simu.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika. Mama, kwa nini uliwasogeza wakwe?"

Nikasikia anavuta pumzi, halafu mlango unafungwa.

"Umeona, kumbe," akasema. "Basi ni kamera nzuri. Ichukue."

"Nairudisha kesho."

"Usirudishe. Ile ya kwako isingenifikia. Nilimwona wifi yangu pale getini. Sitaki kuwa vile."

"Mama, macho yako ni ya njano."

"Najua. Kioo ninacho."

Hapo nikafanya kitu pekee ninachokijua duniani. Nikaanza biashara. Nikamwambia nitachukua kamera kama atakwenda hospitali kesho. Akasema kesho kuna kupalilia. Nikasema Jumanne. Akasema Alhamisi, na kwanza ashuke mjini aione picha yake kwa macho yake, ikiwa imechapwa. Nikasema hospitali kwanza, picha baadaye. Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Wewe biashara ulijifunza kwa nani?" akaniuliza.

Nilijifunza kwake, kwenye ndizi zake, soko la Tengeru, nikiwa sijafika kimo cha mkungu. Nilikubali bei yake.

Jumatatu nilibeba bodi yangu, lenzi zangu tano na flashi mpaka Kijenge. Nikavipanga mezani, nikamwambia mwenzangu ahesabu. Alihesabu, akakunja mikono kifuani, akasubiri nianze kubishana.

Sikuanza.

"Vipi?" akasema. "Hutaki hata kuomba begi?"

"Begi baki nalo."

"Betri ya pili?"

"Ukiwa nayo."

Akanitazama vizuri. "Mbona hubishani? Unaumwa?"

"Siumwi mimi."

Kisha akaingia ndani, akatoka na betri ya pili, chaja, kitambaa cha kusafishia lenzi, na lile begi, ambalo najua alikuwa amelipangia mtu mwingine. Akavisukuma vyote upande wangu wa meza. Sijawahi kupata nyongeza nyingi namna hiyo, na sijawahi kutoka kwenye biashara nikiwa na hofu kama ile.

Jumatano mama akashuka, amevaa vizuri, kanga imefungwa kwa pini mbili. Nilimweka kwenye kiti cha wateja, nikafungua picha ikiwa imeshakatwa. Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Hapakuwa na cha kufuta.

Aliikagua kwa muda, ameinama mbele.

"Hiyo kola imelala."

"Naweza kuinyoosha."

"Nyoosha. Na macho hayo, yafanye meupe."

Nikayafanya meupe. Ilikuwa kazi nyepesi, vidole viwili na kipanya, na macho yakapona.

"Jenezani huwa mnaweka ukubwa gani?"

Nikamwambia tuanze na ndogo, ya kuweka kabatini, nzuri, na fremu ya mbao.

"Halafu baadaye uchape tena kubwa? Unaharibu karatasi. Chapa kubwa."

"Mama, mimi sichapi kubwa."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana picha. Ukubwa hatukutaja."

"Na siku ya hospitali tulitaja," akasema. "Nikipanda juu leo bila picha, Alhamisi utanikuta napalilia."

Nikachapa kubwa. Mashine ilikuwa inaitoa kidogo kidogo, kwanza nywele, kisha paji la uso, na sisi wawili tumesimama tunangoja macho yafike. Alipoipata mkononi aliigeuza, akaangalia na upande wa nyuma usio na kitu, kisha akaikunja kwa mviringo ndani ya kanga yake ya pili. Jirani yangu fundi viatu akapita mlangoni, akamwona mama na lile bomba la karatasi, akafungua mdomo kunitania kama kawaida yake. Akaufunga, akasema "Shikamoo mama", akaenda zake.

Alhamisi alikuwa ananingojea barabarani kabla sijafika, kwa sababu biashara yake huwa hairudi nyuma. Walimpima damu, wakampitisha kwenye kile kipimo cha tumboni chenye mafuta baridi, ambacho nacho ni picha, lakini hakuna aliyenionyesha. Kwenye benchi mbele yetu walikuwepo kumi na mmoja. Nikawahesabu tena, kumi na mmoja. Walipobaki wanne daktari kijana akatoka mwenyewe mlangoni na kutuita, akaruka watu. Nilitamani atuache kwenye foleni.

Akafunga mlango. Akakaa, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akamrudia mama.

"Mama, una watoto wengine hapa mjini?"

"Wapo watano," mama akasema. "Wawili hapa, mmoja Moshi, wawili Dar. Huyu ndiye mpiga picha."

"Tungependa kuongea nao pia. Leo, ikiwezekana."

Mama akaitikia kwa kichwa, vile vile alivyoitikia uani nilipomwambia kamera inaona watu walio nyuma. Nikatoa simu. Tulikuwa watano pamoja na mimi, kwa hiyo wa kupigiwa walikuwa wanne. Nikahesabu tena, wanne, nikaanza na mkubwa.